Vita vya Aceh kwenye ncha ya brashi

Nilikuwa natafuta mkanda wa bunduki, basi. Askari wa Marechaussee, kikosi cha msituni ambacho Waholanzi walikiunda mwaka 1890 ili kupambana na Waaceh kaskazini mwa Sumatra, Indonesia ya leo, alibeba karabini fupi na panga liitwalo klewang. Sanamu yake niliyokuwa naipaka rangi kwa mchezo wa vita wa mezani, yenye urefu wa milimita 28, haikuonyesha vizuri mkanda unapita wapi. Nikafungua picha za zamani. Mojawapo ya zinazojulikana sana ilipigwa na daktari wa jeshi, H.M. Neeb, tarehe 14 Juni 1904 katika kijiji cha Kuta Reh, nchi ya Waalas. Askari wamesimama juu ya boma walilokwisha kuliteka. Chini yao maiti zimelaliana. Ukikodoa macho, katikati ya maiti hizo ameketi mtoto aliye hai.

Nilipata nilichokuwa natafuta, ila siku ile sikupaka tena.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: unanunua sanamu za madini au plastiki zikiwa tupu, unazikwangua kwa tupa, unazipiga andakoti, yaani rangi ya msingi, kisha unapaka ngozi, nguo na silaha, moja baada ya nyingine. Zikitosha unazipanga mezani kati ya migomba ya bandia na nyumba za makuti, na vita huamuliwa kwa dadu na rula. Wengi hupenda enzi za Napoleon au Vita Kuu ya Pili. Wachache huchagua vita vya kikoloni vya Asia ya Kusini-Mashariki: Wafaransa na Bendera Nyeusi, wapiganaji wa Kichina, huko Tonkin, kaskazini mwa Vietnam, Waingereza Burma mwaka 1885, Wamarekani Ufilipino, Waholanzi Aceh na Bali. Na hapo ndipo ugomvi usiokwisha unapoanzia: je, inafaa kuvichezea vita hivi?

Wanaoutetea mchezo wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Vita vya Aceh vilianza mwaka 1873, na mwezi wa kwanza tu jenerali wa Kiholanzi, Köhler, alipigwa risasi akafa kwenye msikiti mkuu wa Baiturrahman. Sultani alijisalimisha mwaka 1903, na hata baada ya hapo watu waliendelea kupigana. Miaka thelathini na ushee! Nje ya Indonesia na Uholanzi, nani anavikumbuka? Mpakaji rangi hulazimika kuvikumbuka, kwa sababu brashi haikubali jibu la juujuu. Lazima ujue huyu ni nani, ametoka wapi, amevaa viatu au yuko peku.

Hilo la viatu si dogo. Mtu anayeanza hudhani jeshi la kikoloni la Uholanzi, KNIL, ni Wazungu wa sare ya buluu iliyoiva. Akisoma kidogo anagundua kwamba sehemu kubwa walikuwa Wajava, Waambon na Wamanado, watu wa visiwa vya Indonesia hiyohiyo, na Wajava wengi walipigana bila viatu. Akiendelea kusoma anakutana na Waafrika. Kati ya 1831 na 1872 Waholanzi waliandikisha wanaume wapatao 3,000 huko Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, wakawasafirisha kutoka Elmina hadi Java. Wenyeji waliwaita Belanda Hitam, Waholanzi Weusi. Mmoja wao, Jan Kooi, alipata nishani kubwa ya kijeshi ya Uholanzi kwa vita vya Aceh. Sisi tunaojua Mjerumani Wissmann alivyoleta Wasudani na Washangaan mwaka 1889 kuja kumpiga Abushiri hatuhitaji kufafanuliwa mbinu hii. Lakini nakiri kwamba mimi habari za Kooi sikuzipata darasani, nilizipata nikichanganya rangi ya kahawia.

Kwa hiyo hoja ya kwamba mchezo unafundisha naikubali. Kinachoniudhi ni kwamba unafundisha upande mmoja. Kuhusu KNIL utaambiwa rangi ya kola na idadi ya vifungo, na ukikosea kifungo kimoja watu watakusahihisha usiku huohuo. Upande wa pili unauziwa pakiti ya “wapiganaji wenyeji”, walewale wanaotumika kama maharamia wa Kimalayu leo, Wadayak kesho na Wabali keshokutwa. Badilisha rangi ya kitambaa cha kichwa, kazi imekwisha. Kanuni nyingi za zamani za michezo hii nazo huwapa wenyeji alama za ushupavu wa dini, kana kwamba mtu anayelinda msikiti wake ana kichaa, na jenerali aliyevuka bahari kuja kuuteka ana akili timamu.

Na si kwamba hakuna cha kupaka. Mwanamume wa Aceh alivaa suruali nyeusi pana, na kiunoni akachomeka rencong, jambia ambalo umbo lake, Waaceh wenyewe husema, linafuata maandishi ya bismillahi. Kofia ya heshima, kupiah meukeutop, ile anayoonekana nayo Teuku Umar, shujaa wa Aceh, ina rangi tano: nyekundu, njano, kijani, nyeusi na nyeupe. Kuziingiza tano zote kwenye kichwa kisichozidi punje ya choroko ni kazi ya jioni nzima na brashi yenye unywele mmoja. Anayesema anapaka kwa heshima na aanzie hapo, halafu tuzungumze.

Wapinzani watasema, na wana haki, kwamba hata kofia ikipakwa bila dosari haiondoi tatizo, bali inalizidisha, kwa kuwa uzuri husafisha. Meza iliyopangwa vizuri haina harufu. Haina kipindupindu wala beriberi, ugonjwa wa kupooza, na maradhi yaliua askari wa Aceh hata serikali ya Uholanzi mwaka 1886 ikatuma wataalamu kuchunguza. (Christiaan Eijkman, aliyefuatana nao, ndiye aliyekuja kuona kuku wakipooza kwa kula mchele uliokobolewa, akapata Nobel mwaka 1929.) Wafungwa waliolazimishwa kubeba mizigo ya jeshi hilo ni nadra kuwaona mezani. Mtu wa Dar anayeshuka Kariakoo kila siku amebeba jina la wapagazi wa vita mdomoni, na bado ukimpa pakiti ya sanamu ataanza na afisa mwenye upanga.

Kuta Reh, kwa hesabu ya Waholanzi wenyewe, walikufa watu 561, wakiwemo wanawake 189 na watoto 59. Utawapa alama ngapi?

Jibu la kawaida ni kwamba hata Waterloo walikufa watu. Ni kweli, lakini Mfaransa anayepaka jeshi la Napoleon anapaka babu zake, na Mwingereza aliye upande wa pili wa meza vilevile. Aceh, mara nyingi, anayepaka pande zote mbili ni mjukuu wa upande mmoja tu. Nikisikia kesho kuna kisanduku cha Maji Maji kilichoandikwa “Washupavu 20 wenye mikuki”, nitauliza kwanza nani amekiandika.

Mwenyewe nimejiwekea mpaka. Aceh nacheza, kwa sababu Waaceh walipigana ili washinde, na mara nyingi walishinda. Bali ya 1906 sichezi. Tarehe 20 Septemba mwaka huo raja wa Badung alitoka kasri lake la Denpasar na jamaa zake wote, wamevaa nyeupe kama waendao kuchomwa maiti, wakazielekea bunduki. Ndiyo puputan, kupigana mpaka kufa kuliko kusalimu amri. Klungkung, ufalme mwingine wa Bali, ikafuata mwaka 1908. Mchezo unataka pande mbili zinazotafuta ushindi, na pale upande mmoja ulikuwa umekwisha kuamua kufa. Keris, yaani jambia, moja ya Klungkung Uholanzi iliirudisha Indonesia mwaka 2023. Kupaka mpini wa dhahabu kwenye keris kama ile ili nipate alama za uzuri, mkono wangu unagoma.

Swahiba wangu tunayecheza naye anaona mpaka huu ni wa kujifariji tu, kwa sababu Marechaussee waliosimama juu ya boma la Kuta Reh ndio haohao walio kwenye rafu yangu. Sina jibu la kumnyamazisha. Alinitania nimtengeneze na yule mtoto, nimweke mezani pamoja nao.

Nikajaribu. Kwa kipimo hicho, mtoto aliyeketi ni kama punje ya kunde. Nilimfinyanga kwa gundi ya udongo, nikampiga andakoti, nikashika brashi. Sare ya askari imo katika kanuni za jeshi, mpaka kifungo cha mwisho. Ya mtoto imo katika picha tu, na picha ni nyeusi na nyeupe.