Shairi gumu lisomeni kwa sikio kwanza

Mie nasema wazi, watu wa visiwani hatuna sababu ya kuyakimbia mashairi magumu ya kisasa, haya yasokuwa na vina wala mizani, yanoruka kutoka sauti hii hadi ile bila kukwambia nani anasema. Wengi, tena waliosoma, wanasoma ukurasa mmoja wanasema "hili silifahamu" wanafunga kitabu. Kwani Kamange na Sarahani, washairi wetu wa zamani wa hapahapa Pemba, nani anawafahamu kwa kuwasoma mara moja? Na bado tunawasoma na tunajivunia.

Sie tumelelewa na mafumbo jamani. Kanga inafumba, taarab inafumba, na mshairi Haji Gora Haji wa Tumbatu kwenye shairi lake la Kimbunga anakuhadithia upepo ulong'oa mibuyu minazi ikanusurika, watu barazani wabishane na kahawa ipoe. Sijasikia mtu akimlaumu eti kaandika vigumu.

Lakini hapa pana jambo, na naona ndo panapowakwaza hata wasomaji wazuri. Fumbo letu lina mwenyewe. Anosemwa yupo, kisa kipo, ukishakijua shairi limekufungukia. Sasa ukenda na mazoea hayo kwenye The Waste Land, shairi refu la Kiingereza la T. S. Eliot, la mwaka 1922, mistari 434, utachoka bure, maana mle hakufichwa mtu mmoja wa kumfichua. Mna sauti zinakatizana: mwanamke roho juu anamuomba mwenzie amwambie anafikiri nini, mara tupo baa wanasengenya ndoa ya watu na mwenye baa anapiga kelele muda umekwisha, mara baharia kafa maji, na mwisho maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. Ni kama kukaa Darajani, pale sokoni mjini Unguja, mkesha wa Idi, sikio linaokota kipande hapa na kipande kule, hujui mwanzo wa kisa cha yeyote na bado unaujua mji uko katika hali gani. Ulaya ilikuwa ndo kwanza imetoka kwenye vita vikuu vya kwanza, na shairi limevunjika vile kwa sababu Eliot anachokisema ndo hicho, angelipanga sawasawa angekuwa anasema kitu chengine.

Kwa hiyo lisome kwa sauti mpaka mwisho, usisimame kwenye kila jina usilolijua, na palipokushtua tia alama urudi kesho. Eliot mwenyewe alitia maelezo nyuma ya kitabu na baadae akajutia, watu wakaacha shairi wakaanza kufukuzia karata za ramli zilizotajwa mle!

Skulini nako tunafunzwa kuuliza "mshairi ana ujumbe gani" kabla hatujalisikia shairi lenyewe, na mtihani unataka jibu moja la mistari miwili. Swali halina ubaya ila linakuja mapema mno, na mtoto anatoka pale anaamini kwamba asipokuwa na jibu basi hakusoma kitu.

Na Kiswahili chetu kina magumu yake. Mshairi Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, miaka 20 baadae Euphrase Kezilahabi katoka na diwani yake, Kichomi, vina hakuna, mizani hakuna, na wako walosema haya si mashairi. Mie vina navipenda sana wallahi, na nawaelewa walokuwa wakivilinda kwa sababu ni mali ya wazee wetu, lakini msome Kezilahabi taratibu uone mstari unavokatika mahali usipotarajia, ukakuacha na neno moja peke yake ulitazame. Hilo kina hakiwezi kulifanya, kina kinakusukuma uende mbele.

Anzeni na huyo basi, wawili wawili, mmoja anasoma na mwengine anasikiliza kitabu kikiwa kimefungwa, halafu mbadilishane. Eliot baada yake, na yale maelezo ya nyuma yafungueni mwisho kabisa.