Kigeu kati ya kazi mbili: kibebwe au kitafutwe upya?

Anayeanza na GitLab au GitHub Actions, mifumo inayojenga na kusambaza programu yenyewe kwa mfululizo wa kazi (pipelaini), hukwama palepale: ameandika `export TOLEO=1.4.2` kwenye kazi ya kujenga, kazi ya kusambaza inaanza, TOLEO ni tupu. Hakuna kilichoharibika. Kila kazi huendeshwa kwenye kontena au mashine yake, na skripti ikiisha vigeu vyake (thamani zilizopewa majina, kama TOLEO) huisha nayo. Basi ama thamani ibebwe kwa makusudi, ama kila kazi ijitafutie.

Wanaotaka kila kazi ijitafutie wana hoja. Namba ya komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa), kwa mfano, GitLab huiweka kwenye CI_COMMIT_SHA kwa kila kazi. Ya nini kuibeba tena? Ila tazama lebo ya picha ya kontena (kifurushi cha programu) inayotengenezwa kwa tarehe. Kazi ya kujenga inakokotoa lebo saa 5:59 usiku na kusukuma picha yenye tarehe hiyo. Kazi ya kusambaza inaamka saa 6:01, inakokotoa upya, inapata tarehe ya kesho yake, inatafuta picha isiyokuwepo. Asubuhi unaendesha pipelaini nzima upya, inapita bila tatizo, nawe huna pa kuanzia kuchunguza. Kwangu hilo linatosha: kinachoamuliwa mara moja kikokotolewe mara moja, kisha kibebwe.

Kubeba nako kuna masharti yake. Kwenye GitLab unaandika thamani kwenye faili la dotenv, lenye mistari ya JINA=thamani, na kulitangaza chini ya `artifacts:reports:dotenv`. Linafaa kwa vitu vidogo tu, kwani kikomo cha kawaida ni kilobaiti 5. Tena `rules`, masharti ya kuingiza kazi, hupimwa pipelaini inapoundwa, kabla faili halijazaliwa, kwa hiyo thamani hiyo haiwezi kuamua kama kazi inayofuata iingie au isiingie.

GitHub inaruhusu uamuzi huo: unaandika kwenye `$GITHUB_OUTPUT`, unatangaza `outputs` za kazi, na kazi inayopokea inaitaja kazi hiyo kwenye `needs`. Mtego wake ni kwamba kila kinachovuka ni matini. Neno `false` likifika kwenye sharti la `if` huhesabiwa kweli kwa kuwa si tupu, hadi ulilinganishe na `'true'`. (Nimeshasambaza nisichokusudia kwa sababu hiyo.)

Tokeni (funguo za kidijitali) na nywila ndizo pekee ninazowaachia wanaotaka kila kazi ijitafutie bila ubishi. GitHub ikishuku kuna siri ndani ya thamani huidondosha, na kazi ya pili hupokea utupu. Faili la dotenv nalo huzihifadhi wazi. Kazi inayohitaji tokeni ikaichukue yenyewe kwenye hifadhi ya siri.