Muda wa uzao hadi uzao unawaficha ng'ombe waliouzwa

Ukitaka kujua zizi la maziwa linazaaje, utatajiwa muda wa uzao hadi uzao. Kipimo hiki kina haki yake. Kinataka tarehe mbili tu, na pale dume anapochunga pamoja na kundi, hakuna kumbukumbu za joto, yaani siku ng'ombe alipotaka dume, za kupigia hesabu nyingine. Lengo la siku 365 nalo linaeleweka: mimba huchukua siku 280 hivi, zinabaki 85 za kuipata.

Tatizo ni nani anahesabiwa. Tuchukue ng'ombe 10: saba wamezaa tena kwa wastani wa siku 385, watatu wamerudia joto hadi wakauzwa kwa mchinjaji. Daftari linasema 385, na wale watatu, ambao ndio hasara yenyewe, hawamo. Mitamba waliochelewa kushika mimba hawamo pia. Tena uzao wa leo ni habari ya upandishaji wa miezi tisa iliyopita.

Hesabu ya siku 21, ambazo ni mzunguko mmoja wa joto, huanzia kwingine. Orodhesha kila ng'ombe aliyevuka siku 60 tangu azae na hana mimba. Siku 21 zikiisha, hesabu waliopandishwa. Mimba zikipimwa, hesabu walioshika. Tuseme waliostahili ni 20, waliopandishwa 8, walioshika 4. Mhimilishaji, yaani anayepandisha kwa mbegu, atasema amepata asilimia 50, na ni kweli: wanne kati ya wanane. Zizi limepata asilimia 20: wanne kati ya ishirini.

Wale 12 ndio wa kuumizia kichwa. Hawakuonekana kwenye joto, na kila mmoja amepoteza mzunguko mzima. Wengi wao si wagumba. Joto la kusimama na kupandwa ni la saa chache, mara nyingi usiku. Aliyefungwa peke yake hana wa kumpanda, na kwenye sakafu telezi ng'ombe huogopa kupandana. Kinachobaki ni ute mwangavu unaovutika chini ya mkia, wa kutazamwa alfajiri na jioni. Mbegu ya bei ghali haiwasaidii hao 12 hata kidogo.

Kwa mwenye ng'ombe watatu asilimia hizi hazisemi kitu, maana mmoja tu ni theluthi ya zizi. Yeye ahesabu siku za kila ng'ombe tangu azae. Zikivuka 120 bila mimba, amwite daktari wa mifugo ampime kwa mkono. Asilimia ipigwe kwenye ushirika, kwa ng'ombe wa wanachama wote, mradi kila anayepandishwa aandikwe namba ya hereni na tarehe.