Borobudur: wapande wangapi, na kwa bei gani?

Juni 2022 serikali ya Indonesia ilitangaza kwamba mgeni anayetaka kupanda hadi juu ya Borobudur, hekalu kubwa la Kibudha kisiwani Java, atalipa dola 100, na raia wa Indonesia rupia 750,000. Wananchi walipiga kelele, bei hiyo ikawekwa kando. Ngazi zilipofunguliwa tena 2023, kilichobaki ni ukomo wa idadi: watu 1,200 kwa siku, kwa zamu, kila kundi na kiongozi wake.

Wahifadhi wana haki ya kuhofu. Hekalu hili, lililojengwa kati ya karne ya 8 na ya 9, ni mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji juu ya kilima cha udongo. Ukarabati uliokamilika 1983 ulishughulikia maji yaliyokuwa yakipenya ndani, lakini nyayo haziwekewi mfereji. Mchanga unaonasa kwenye soli husaga ngazi kama msasa. Ndiyo maana wanaopanda siku hizi huvalishwa ndala laini za kusukwa, upanat, zinazotengenezwa na wanavijiji wa jirani.

Lakini Borobudur ilijengwa ili itembewe. Michongo yake zaidi ya 2,600 imepangwa ili hujaji azunguke akiliweka hekalu kuumeni kwake, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka atokeze juu, peupe, penye stupa 72, yaani vijengo vya mawe vyenye umbo la kengele. Anayezuiwa uwanjani anaona rundo la mawe tu. Hazioni hata zile meli zilizochongwa ukutani, zenye miti ya kuelea ubavuni kama ngalawa zetu.

Kwa hiyo naunga mkono ukomo wa idadi, na napinga ile bei. Mguu wa tajiri unasaga jiwe sawasawa na wa mwanafunzi. Bei ingechuja mifuko, na Mbudha maskini angebaki nje ya hekalu lake. Ukomo nao unauma: familia iliyosafiri usiku kucha yaweza kukuta nafasi zimejaa, na mchuuzi akakosa wateja. Wenyeji hawa walishahamishwa makazi miaka ya 1980 kupisha hifadhi; si haki mzigo urudi kwao tena.

Nafuu ipo karibu. Mahekalu ya Pawon na Mendut yako kilomita chache tu mashariki, na maandamano ya Waisak, sikukuu ya Wabudha, huanzia Mendut, hupita Pawon, ndipo yafike Borobudur. Tiketi na ratiba za wageni zifuate njia hiyohiyo, ili aliyekosa nafasi ya kupanda apate pa kwenda.