Birika Likitazamwa kwa Juu

Kwa mtu aliyekulia Moshi kama mimi, vilele vya Kilimanjaro viko hivi: Kibo huwa kushoto na Mawenzi kulia. Siku niliyofika Loitokitok, upande wa Kenya, kwa mara ya kwanza, nikauona mlima kutoka kaskazini, Mawenzi ilikuwa kushoto. Nilijua kuwa huo ni Kilimanjaro, lakini kwa kitambo kidogo nilisita, kama mtu aliyempita jirani yake aliyevaa nguo za kuazima.

Kusita huko kunanifanya nisiikubali kikamilifu nadharia ya mwanasaikolojia Irving Biederman, aliyeeleza mwaka 1987 kwamba tunatambua vitu kwa kuvigawa katika maumbo sahili yasiyozidi 36, kama mche duara na koni, ambayo hubaki yakitambulika hata kitu kikigeuzwa. Kwa birika lililo mezani maelezo hayo yanatosha, maana tumbo, mdomo na mkono vyote vinaonekana. Litazame kwa juu, wima kabisa: tumbo limekuwa duara, mdomo umekuwa kinundu, na mkono ni ufito tu unaokatiza kifuniko. Hata hivyo, anayelijaza maji kila alfajiri hulitambua papo hapo, kwa sababu ameliinamia hivyo mara nyingi mno. Kwa maoni yangu, kinachomsaidia ni mazoea ya upande huo kuliko hesabu ya vipande.

Wanasaikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler walionyesha mwaka 1971 kwamba watu wanaolinganisha picha mbili za maumbo yaliyoundwa kwa michemraba huchukua muda mrefu zaidi kadiri pembe kati ya picha hizo inavyoongezeka, kana kwamba wanaligeuza umbo kichwani kwa takriban nyuzi 60 kwa sekunde. (Walikuwa wakilinganisha, si kutaja majina ya vitu, kwa hiyo ushahidi huo nautumia kwa tahadhari.) Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa watafiti Elizabeth Warrington na Angela Taylor, wa mwaka 1973: baadhi ya wagonjwa walioumia upande wa kulia wa ubongo, sehemu ya nyuma, walitambua vitu katika picha za upande uliozoeleka, wakashindwa vilipopigwa picha kutoka upande usio wa kawaida. Jicho lilikuwa linaona. Kilichopotea ni njia ya kuuvuka ugeni wa upande.

Pale Loitokitok nilimwambia mwenyeji wangu kwamba mlima wao umegeuzwa. Alicheka, akaniuliza kama sisi wa Moshi tumewahi kuuona kwa mbele.