Rangi au nukta: ramani ipi inawaonyesha watu wa Mombasa?

Matokeo ya sensa au ya uchaguzi yakitoka, ramani ya Kenya hupakwa rangi kaunti kwa kaunti, na Mombasa inapotea. Tana River ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na sensa ya 2019 iliwakuta huko watu 315,943. Sisi wa Mombasa tulikuwa 1,208,333, tumebanana katika kilomita za mraba 220 hivi. Jicho hufuata upana, kwa hiyo anayetazama ramani hiyo huona ardhi akadhani ameona watu.

Hata tukiichora Mombasa peke yake, anayepaka rangi anaamua mengi. Chukua kaunti ndogo zetu sita katika sensa hiyohiyo: Changamwe 131,882, Mvita 154,171, Jomvu 163,415, Nyali 216,577, Likoni 250,358 na Kisauni 291,930. Tuseme tuna rangi tatu. Ukigawa tofauti kati ya idadi ndogo na kubwa mafungu matatu sawa, Jomvu inapata rangi hafifu pamoja na Mvita na Changamwe, na Nyali inabaki peke yake katikati. Ukiamua kila rangi ipate kaunti ndogo mbili, Jomvu inapanda hadi rangi ya Nyali, inayoizidi kwa watu 53,162, na kutengwa na Mvita, ambayo Jomvu imeipita kwa watu 9,244 tu. Hakuna tarakimu iliyoguswa. Ndiyo maana mimi siiamini ramani ya rangi isiyoeleza mafungu yake yamekatwaje.

Tena rangi haifai kabisa kwa idadi kamili. Inafaa kwa viwango: wangapi katika kila watu 1,000, au wangapi kwa kilomita ya mraba. Kwa idadi kamili, Kisauni inakolea kwa wingi wa watu wake. Kwa msongamano, Mvita iliyo kisiwani ndiyo inayoongoza.

Wanaopendelea nukta wana hoja nzito. Kipindupindu kilipoua watu Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow alitia alama ya kila kifo kwenye nyumba kilipotokea, na alama zikasongamana karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Angepaka rangi mtaa mzima, pampu ile isingeonekana.

Lakini Snow alijua nyumba. Nukta nyingi tunazoonyeshwa leo hutawanywa na programu ya kompyuta kiholela ndani ya mpaka, kila moja ikisimamia, tuseme, watu 500. Nukta za Kisauni zitaangukia mashamba ya Mwakirunge sawa na Mishomoroni kulikojaa nyumba, na msomaji ataziamini kwa sababu zinaonekana kama mahali hasa. Miduara inayokua kwa idadi haina udanganyifu huo, ila katika mji mdogo kama huu hupandana, na jicho huupunja mduara mkubwa.

Kuna jambo moja linalonifanya niitetee rangi. Mpaka wa wadi hausemi watu wanaishi wapi, lakini unasema nani wa kuulizwa. Wadi ina mwakilishi wake, na bajeti ya kaunti hujadiliwa kwa majina ya wadi. Mama wa Ziwa la Ng'ombe anayetafuta maji anahitaji ramani atakayoiweka mbele ya mwakilishi wake, na wingu la nukta halina mwakilishi. Sharti ni kushuka hadi wadi kweli: wastani wa Nyali nzima unazichanganya nyumba za ufukweni na vyumba vya kupanga vya Kongowea, na jibu linalopatikana si la huku wala kule.

Kwa ugonjwa au maji, basi, ningechagua nukta zilizopimwa mahali pake, na mipaka ya wadi juu yake kwa mstari mwembamba. Isipokuwa pale nukta inapokuwa mgonjwa. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, nukta moja ya kifua kikuu inatosha kumtaja mtu bila jina, na hapo afadhali rangi ya wadi, hata ikificha mengi.