Kasi ya saa nne asubuhi haituhusu

Huu ni mwaka wa tatu nyumba yangu inatumia intaneti ya mnara wa simu. Hakuna waya unaoingia kutoka nje. Kuna ruta moja yenye laini ndani yake, imekaa dirishani, na kila kitu kinapita humo: vikao vyangu vya kazi, masomo ya watoto, filamu za usiku. Nikiulizwa kama inafaa, najibu inafaa. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunainunua kwa kuuliza kasi, na kasi tunayoonyeshwa ni ya saa ambayo hatuko nyumbani.

Mimi nilionyeshwa saa nne asubuhi. Fundi akaweka ruta mezani, akapima, ikasoma megabiti 74 kwa sekunde, nikatia saini huku nacheka. Usiku uleule, saa mbili na kitu, ilisoma 6. Filamu ikawa kiduara kinachozunguka. Nikapiga simu kulalamika, nikaambiwa nizime ruta na kuiwasha, dawa ambayo nadhani huduma kwa wateja wanaitoa hata kwa maumivu ya jino.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kipimo cha asubuhi hakikuwa uongo. Mnara una mawimbi ya kugawa, na asubuhi nilikuwa kama peke yangu kisimani. Masafa ya 4G yenye upana wa megahezi 20, kwa antena mbili za kawaida, kilele chake kinadharia ni megabiti 150 kwa sekunde, na hizo ni za wote walio upande ule wa mnara, pamoja na simu za wapita njia. Faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo, nayo hugawanywa, watu hawasemi tu: mfumo wake ulioenea, GPON, hugawa takriban gigabiti 2.5 kwa nyumba 32 au zaidi. Lakini piga hesabu uone tofauti. Na nyumba hizo zinajulikana idadi yake, wakati mnara haujui leo usiku watakuja wangapi.

Kilichoniokoa hakikuwa kifurushi kikubwa zaidi. Ilikuwa kuhama kwa ruta. Fundi aliiacha nyuma ya televisheni kwa sababu soketi ilikuwa hapo, na mimi nikaiheshimu sehemu ile miezi miwili mizima. Siku moja nikafungua ukurasa wa mipangilio, nikaona nguvu ya mawimbi imeandikwa hasi 113. Namba hizo husomwa kinyume: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Nikaibeba ruta mkononi nikizunguka nayo chumba hadi chumba, waya wa umeme ukiburuzika nyuma, familia ikinitazama kama mganga anayetafuta hirizi. Kwenye dirisha la upande wa pili ikasoma hasi 91. Katika kipimo hicho kila hatua ya 10 ni nguvu mara 10, kwa hiyo nilikuwa nimepata zaidi ya mara 100 kwa kuvuka sebule tu. Zaidi ya hapo, ruta ilikuwa imeacha mnara wa karibu, uliojaa watu, ikashika mwingine ulio mbali kidogo. Usiku huo kasi ilisoma megabiti 21.

Ukuta mnene hula mawimbi, na vioo vilivyopakwa utando mwembamba wa metali ili kuzuia joto hula zaidi. Masafa ya chini, kama megahezi 800, hupenya vizuri lakini hubeba kidogo. Ya gigahezi 3.5 yanayotumiwa sana na 5G hubeba mengi lakini ukuta huyachosha. Nyumba ikiwa mbali na mnara, antena ya nje iliyofungwa juu ya paa ni pesa iliyotumika vizuri kuliko kupandisha kifurushi. Ndiyo, ruta ikikaa dirishani chumba cha mwisho kitapata waifai dhaifu. Hilo ni jambo jingine, na tiba yake ni nyingine. Usiwalaumu wenye mnara kwa ukuta wa chumba chako.

Sasa niseme kinachoniudhi. Neno "bila kikomo". Katika mkataba wangu lilikuwa na maandishi madogo chini yake: ukifikisha kiasi fulani cha data, kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi. Saa moja ya filamu katika ubora wa HD hula hadi gigabaiti 3, ya 4K hadi 7. Familia inayotazama saa mbili tu za HD kila siku inaweza kumaliza gigabaiti 180 kwa mwezi, kabla hata ya simu kujisasisha zenyewe usiku. Kikomo kipo, basi kiitwe kikomo. Kuficha namba hiyo ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia.

Kuna na vidogo vingine. Kasi ya kupakia huwa chini sana kuliko ya kupakua, jambo linalowauma wanaotuma video. Wacheza michezo ya mtandaoni watalalamikia muda wa mwitiko unaopanda na kushuka. Na kama unataka kuifikia moja kwa moja kamera ya nyumbani ukiwa mbali, huenda ukakwama, kwa kuwa kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya mtandao (IPv4), na kutoka nje nyumba yako haionekani peke yake.

Kama faiba imefika mlangoni kwako na bei haikuumizi, chukua faiba, sitabishana. Lakini mimi ni mpangaji. Nimeshahama mara moja, ruta nikaibeba kwenye begi pamoja na chaja, na jioni ile watoto wakafanya kazi zao za shule katika nyumba ambayo vitanda vilikuwa bado havijafungwa. Uliza kwanza, maana kuna kampuni zinazofunga ruta kwenye mnara mmoja, na ukihama inakuwa pambo.

Siku hizi rafiki akitaka kununua, namwambia aombe ruta ya majaribio kwa wiki moja. Wengi hukataliwa. Basi aulize ni siku ngapi anaruhusiwa kurudisha, siku hizo azitumie zote, na kipimo chake cha kwanza kiwe Jumapili saa mbili usiku, ruta ikiwa dirishani.